Resori za Bi Rahma

Mtungi wa maji wa Mama Sifa umekalia resori ya gari. Niliuona juzi mlangoni pake, huko mtaani Bwiza, siku ya kilio chake, nilipokuwa nimeinama kuvua viatu. Kwingine wanaziita springi. Sisi Bujumbura magari tulijifunza kwa Kifaransa, kwa hiyo kwetu ni resori, ule msokoto mnene wa chuma unaolibeba gari ili shimo la barabarani lisifike mgongoni mwa abiria. Hii ilikuwa imebonyea, pete zake za chini zimelaliana, na mtungi umetulia juu yake kama umezaliwa hapo. Nilisimama na kiatu kimoja mkononi mpaka waliokuwa nyuma yangu wakaanza kukohoa. Sifa, bintiye, ambaye nilimwacha Bujumbura akiwa bado anabebwa mgongoni na sasa ni mama wa watu, akaniona. "Tantine Feza," akaniambia, ndivyo tunavyomwita shangazi, "mama alisema we ndiye unajua habari ya hii kitu. Ni kweli ilibebaka Bi Rahma?" Kabla sijafungua mdomo wakaingia wageni wengine, mtu akanitia mkononi sahani ya bugari, ndio ugali wetu, na ndagala, dagaa wa ziwani, maana kwenye kilio cha Bwiza hawakuachi usimame mikono mitupu, na swali likabaki pale pale mlangoni.

Ukoo wangu nauacha pembeni, hauongezi kitu humu. Nautaka mwaka mmoja tu, ule wa pili wa ambargo, nchi jirani zilipotufungia njia, petroli ikawa inauzwa kwa chupa na sukari inafungwa kwenye vikaratasi kama dawa. Vita vilikuwa milimani, na siku nyingine vilishuka mpaka mitaa ya juu. Tulivisikia mchana kweupe huku tunapanga vichujio vya mafuta kwenye rafu, na Mzee Nasoro akisikia mlio mkubwa alikuwa anasema tu "Ya Latifu," kisha anaendelea kupangusa vumbi. Nilikuwa binti mwenye ulimi mrefu na viatu vya kuazima, na nilikuwa nauza vipuri katika duka lake, mtaa wa Quartier Asiatique. Mzee alikuwa mtu wa asili ya Oman ambaye Oman yenyewe alikuwa hajaiona. Duka lilikuwa mbele, nyumba nyuma, na katikati ua mdogo wa saruji. Humo uani ndimo lilimokaa gari lake, 404 nyeupe, saluni ya Kifaransa ya zamani, limefunikwa shuka lenye maua kama mgonjwa.

Mgonjwa wa kweli alikuwa ndani. Bi Rahma, mke wa Mzee, alikuwa na ugonjwa wa nyonga na mgongo ambao madaktari wa mjini waliutazama, wakautikisia kichwa, wakaandika vidonge. Kitanda chake walikihamishia sebuleni, kando ya dirisha la barabarani, ili asikie watu. Sebule ile naiona hata sasa: pazia la kijani, harufu ya udi na ya dawa ya kuchua, redio yenye antena iliyofungwa kwa uzi, na sinia la chai ya tangawizi ambalo halikuwa linapoa kwa sababu kila saa mtu alilijaza. Mchana nilikula nao. Wali, samaki mukeke wa kukaanga, ndimu, pilipili ya kusaga. Yeye alikuwa anadonoa kama ndege, lakini maneno alikuwa anayala kwa sahani. "Feza, lete ya Bwiza," ananiambia, na mimi namletea: nani ameoa, nani ameachwa, nani amenenepa wakati wa ambargo na kwa msaada wa nani. Alizaliwa Bwiza, na tangu ugonjwa umlaze alikuwa hajauona mtaa huo. Nilimpenda kuliko nilivyojua kusema wakati ule. Sasa najua, nasema.

Kwa nini hakutoka? Kwa sababu ya gari. Vita vilipoanza Mzee alilitumia kupakia magunia ya mchele, na siku mbaya zaidi alipakia watu, wamebanana mpaka kwenye buti, akiwatoa mtaa huu na kuwapeleka ule. Resori za nyuma zikavunjika. Deo, fundi wake wa miaka yote, Mrundi mpole mwenye sauti ya kanisani, akatia za pikapu, kama kila fundi wa Bujumbura alivyofanya mwaka ule, maana mzigo ulikuwa wa pikapu na saluni zilikuwa zinaumwa. Gari likainua matako juu. Likawa halihisi mzigo, na shimo lote lilimfikia abiria. Walipojaribu kumpeleka Bi Rahma hospitali kwa gari hilo, walimnyanyua watu wawili kumpandisha, goti likagonga mlango, akalia. Na barabarani, kila tuta, akalia tena. Alirudi akiwa na rangi ya majivu. Akasema hapandi tena gari lolote hapa duniani, labda lile la mwisho, ambalo halina haja ya kumuuliza.

Kisha mtoto wao wa kiume akatuma habari kutoka Maskati: anakuja kumchukua mama yake akatibiwe huko. Siku ilijulikana. Jioni ile nilikuwa nafunga duka, nikawasikia kupitia pazia. Sikutegesha sikio, nyumba ile kuta zake zilikuwa za kusikilizana. "Nasoro," alisema Bi Rahma, "mi nitaenda. Mutoto amehangaika, siwezi kumukatalia. Lakini sitoki huu mji nimefumba macho kama muzigo. Nataka nipite Bwiza. Nataka nikae kule beach, ndani ya gari, tunywe chai, sawa vile zamani." Walikuwa na desturi hiyo, kila Alhamisi alasiri, tangu ujana wao: 404, ziwa, chupa ya chai, na glasi. Gari lile lilisifika kwamba ndani yake chai haimwagiki.  Mzee akasema, "Nitazitafuta za origine," yaani zile zenyewe za kiwandani. Bi Rahma akacheka kidogo, akamwambia, "We unauza mapyesi ya gari maisha yako yote, na mukeo amekosa resori." Akasikika akilia baada ya kucheka. Nikafunga kufuli polepole ili wasijue nipo.

Basi tukazitafuta. Nilizunguka magereji ya mji nikichungulia chini ya magari yaliyokufa, kanga nimeifunga kiunoni, mafundi wakinitania kwamba nimekosa mchumba mpaka namtafuta uvunguni. Za pikapu zilijaa. Za saluni, zile laini, hazikuwepo. Vita vilikuwa vimezivunja zote kwa njia ile ile. Deo akapendekeza za gari la Kijapani, azikate kwa msumeno zienee. Mzee alikataa mpaka mishipa ya shingo ikasimama. "Apana, Deo! Mi sitafuti kitu cha kuenea. Natafuta ile ile." Mimi nilimwona mbishi. Leo, nikiwa na umri ule aliokuwa nao, namwelewa: hakuwa anatafuta chuma, alikuwa anaitafuta Alhamisi.

Aliyezipata ni Mama Sifa. Alikuwa mwanamke mnene, mweusi wa kung'aa, kicheko chake kikitangulia kona. Mzaliwa wa Uvira, upande wa Kongo, amehamia Bwiza, na kazi yake ilikuwa kuvuka mpaka wa Gatumba na kurudi: mafuta ya mawese, unga wa muhogo, vitenge, sufuria. Alitandika bidhaa zake kwenye baraza letu na Mzee hakuwahi kumfukuza. Aliponisikia nikilalamika, akasema, "Lakini kule Uvira iko gereji ya Mugiriki mumoja, alikimbiaka zamani. Mulinzi wake anauzisha vitu. Nipe kipimo." Kipimo gani? Hakuwa anajua gari lina resori ngapi. Bi Rahma akaniita kitandani, akachana ukanda kwenye kanga yake ya zamani, tukautumia kama kamba. Deo akatupa vipimo, mimi nikafunga mafundo: fundo la kwanza urefu, la pili upana, na mwisho wa ukanda, ukizungushwa mara moja kwenye chuma, unene wake. Mama Sifa akaufunga mkononi kama bangili, akaenda.

Hapa lazima nieleze jambo la Gatumba, ambalo wauzaji wote walilijua na mimi nililijua nusu. Kitu kipya mpakani kilikuwa na maswali yake mengi, na maswali yale yalikuwa yanakula faida. Kitu kikuukuu kilipita kama takataka. Kwa hiyo wanawake wale walikuwa na ufundi wao waliouita kuzeesha. Kitenge kipya kinafuliwa na kuvaliwa. Kiatu kipya kinatembezwa kwenye tope. Sufuria mpya inapakwa masizi na kupikiwa bugari, ili ionekane imetoka jikoni kwa mtu. Mama Sifa alikuwa bingwa wa kuzeesha. Angeweza kumzeesha hata bibi harusi.

Akarudi Jumatano, siku moja kabla ya Alhamisi ya mwisho ya Bi Rahma mjini, gunia kichwani, jasho mpaka kifuani. Akalitua kwenye baraza kwa kishindo. "Njoo muone, Mzee! Zilikuwa ndani ya karatasi ya mafuta, mupya kabisa, na rangi ya kiwanda, sawa mutoto wa jana!" Ndani ya gunia mlikuwa na resori mbili nyeusi kwa masizi. Mzee akazipima kwa ukanda wa kanga, fundo kwa fundo. Zilikuwa zenyewe. Alisema "Alhamdulillahi" mara nyingi kuliko nilivyowahi kumsikia hata Idi. Mama Sifa, amekaa, anajipepea, akatuhadithia jinsi alivyozizeesha: alizichimbia kwenye makaa, akazipikia maharage yake juu, kutoka asubuhi mpaka yalipoiva, na maharage ya Uvira hayana haraka. "Zilikuwa nyekundu pii! Halafu nikaziacha zipoe polepole ndani ya majivu. Pale duane, kwa watu wa ushuru, musoda mwenye bunduki ananiuliza, mama, hii takataka unapeleka wapi? Nikamuambia, ni ya kukalishia mutungi wangu wa maji. Akacheka, akasema pita." Tukacheka wote, Mzee hadi machozi. Bi Rahma alisikia kutoka ndani akagonga ukuta, akitaka arudiwe hadithi tangu mwanzo.

Kesho yake asubuhi Deo akazifunga. Nilikuwa uani nimeshika sinia la chai. Akaanza kuiteremsha kriki, ile ya kunyanyulia gari, na gari likashuka, likashuka, tukangoja lisimame. Halikusimama. Lilishuka mpaka matako yake yakakaribia saruji, kama ng'ombe anayelala kwa nyuma. Deo akaingia uvunguni, akakaa huko. Alipotoka alikuwa amevua kofia. "Mzee," akasema, "hizi zilipita kwenye moto?" Akapangusa mikono kwenye suruali. "Chuma ya resori inapikwa mara moja tu, kule kiwandani. Ukiipika tena, inasahau kazi yake. Mana yanje, Mungu wangu! Itabeba, lakini kila siku itazidi kushuka. Iko na safari moja ndani yake. Labda mbili. Polepole, na watu wachache."

 Mzee alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, uso mikononi. Mtoto wake alikuwa anafika kesho. Nilitaka kulia, na pia, naikiri hasira yangu, nilitaka kumrukia Mama Sifa na maharage yake. Wakati huo huo tukasikia mkongojo ukigonga sakafuni. Bi Rahma alikuwa ametoka mwenyewe, mkono mmoja kwenye mkongojo, mmoja ukutani, amevaa lile baibui lake zuri la kutokea. Hakutuuliza kitu. Alilitazama gari kwa muda, akaenda hatua kwa hatua mpaka kwenye mlango wa nyuma, akaufungua, akageuka, na akakaa. Akakaa tu. Kiti kilikuwa chini kiasi kwamba hakulazimika kunyanyua mguu wala kunyanyuliwa na mtu. Akaivuta miguu ndani, mmoja, kisha mwingine, akatuangalia kama msichana aliyefaulu mtihani. Siku zote tulidhani mashimo ndiyo yanamtesa. Nusu ya mateso ilikuwa kupanda, na aibu ya kubebwa.

Na Mama Sifa akaingia uani wakati huo huo, amekuja kuona kazi ya resori zake. Deo, mtu wa kweli mpaka anachosha, akafungua mdomo. "Mama Sifa, hizi resori wewe uli..."

"Deo," alisema Bi Rahma, "nyamaza." Akamnyooshea Mama Sifa mkono kutoka ndani ya gari. "Njoo, dada yangu. Angalia. Imenipigia magoti sawa ngamia. Mutu alinifanyia hivi ni wewe." Ngamia alikuwa hajamwona hata mmoja maishani. Mama Sifa akapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Bi Rahma akaendelea: "Leo tunaenda beach. Na we unakaa mbele na Nasoro." Deo akautazama mwili wa Mama Sifa, akazitazama resori, akainua macho mbinguni na midomo yake ikaanza kusali.

Tukaenda alasiri ile. Mzee usukani, Mama Sifa pembeni yake, mimi nyuma na Bi Rahma, glasi ya chai nusu mikononi mwake, kama zamani. Tulikwenda mwendo wa bibi harusi, matako ya gari yakifagia barabara, watoto wa Bwiza wakitukimbilia na kutupita. Bi Rahma alimwambia Mzee asimame mbele ya nyumba aliyozaliwa, ambayo sasa ilikuwa duka la kinyozi. Akaitazama, akasema, "Mulango wamepaka rangi mubaya," akasema twende. Kwenye kizuizi cha barabarani askari aliinama akatuona, akauliza gari lina nini. Mama Sifa akajibu, "Limezeeka, mutoto wangu, na sisi pia," askari akatuachia. Kando ya ziwa Mzee alizima injini. Milima ya Uvira ilikuwa ng'ambo, ya buluu, na Mama Sifa akanionyesha kwa kidole gereji ilikokuwa, ingawa hakuna jicho la kuona gereji kutoka huko. Bi Rahma alikunywa chai yake yote kwa utaratibu. Ilikuwa imemwagika kidogo, kwenye tuta karibu na bandari, tone moja kwenye baibui, na nilimwona akilifunika kwa kiganja ili Mzee asilione kwenye kioo. Mzee alimuuliza, "Imemwagika?" Akasema, "Apana, mume wangu. Wapi." Tulirudi kabla ya saa ya kuvefe, marufuku ya kutembea usiku.

Safari ya pili ilikuwa ya kiwanja cha ndege. Alikaa mwenyewe, akashuka mwenyewe, na mtoto wake, ambaye alikuwa amekodi gari zuri la kumbeba, alitufuata nyuma na gari lake tupu. Bi Rahma alifariki huko Maskati kabla ya mvua za mwaka uliofuata, na huko alizikwa. Mzee alipopata habari alifunga duka, akakaa sebuleni kando ya lile dirisha, akaniambia, "Feza, lete ya Bwiza." Nikamletea. Nilizungumza mpaka sauti ikakauka, nikibuni ndoa na talaka za watu ambao hawakuwepo, na yeye aliitikia kwa kichwa kila moja.

Resori zilikuwa zimekufa kabisa. Deo alizitoa, na Mama Sifa akaomba moja iwe ukumbusho wa rafiki yake. Nyingine ilibaki kwenye rafu ya duka mpaka Mzee mwenyewe alipotutoka, na wateja waliambiwa haiuzwi. Hakuna kati yetu aliyemwambia Mama Sifa habari ya moto na maharage, si mwaka ule, si miaka yote niliyokuwa napita Bwiza kumsalimia, nikitokea Kigoma nilikohamia. Alikuwa anajisifu nayo, na sisi tulikuwa tunaitikia. Najua kuna watu wataniambia ukweli ni ukweli. Waende wakamwambie Bi Rahma.

Juzi, kilio kilipotulia na viti vikaanza kurudishwa kwa wenyewe, Sifa alikuja na kata, akachota maji mtungini, akaninywesha. Akauliza tena, kwa sauti ya chini. "Tantine, ni kweli? Maana mama alikuwa anasemaka kwamba pale duane hakudanganya, kwamba mwisho iko inakalisha mutungi. Lakini ile ya Bi Rahma, watu wanacheka, wanasema ni hadithi ya mama tu." Nilipitisha mkono kwenye ile chuma. Ilikuwa baridi, na chini, kati ya pete mbili zilizolaliana, masizi ya Uvira yalikuwa bado hayajatoka.

"Ilimubeba," nikamwambia. "Mara mbili. Na alipanda mwenyewe."